Boila ya Injini ya Mvuke: Inavyofanya Kazi, na Namna ya Kuiwasha, Kuiendesha na Kuizima bila Kuumia

Ukipanda kwenye kibanda cha garimoshi la mvuke, au ukiingia chumba cha boila, macho huvutwa kwanza na geji ya presha. Ndiyo kubwa, ina mshale, na imepewa mahali pa heshima. Wazoefu hawaanzi hapo. Hutazama kwanza kijibomba cha kioo kilicho pembeni, chenye maji nusu, na hata hicho hawakiamini mpaka wakijaribu. Presha ikizidi, kuna valvu itakayofunguka yenyewe na kupiga kelele ya kuamsha mtaa. Maji yakipungua, boila hukaa kimya.

Mwongozo huu unahusu boila ya mirija ya moto, yaani ile ya magarimoshi, matrekta ya mvuke, na injini za kukokotwa zilizokuwa zikiendesha mashine za kupuria nafaka na kupasulia mbao. Boila za viwandani zina mifumo yao ya kujiendesha, ila mengi utakayoyasoma hapa yanazihusu pia. Hautakupa leseni, wala hautachukua nafasi ya mkaguzi au ya mzee aliyekaa na boila yako miaka ishirini. Soma kwanza, kisha nenda ukasimame nyuma yake.

Kwa nini maji yaliyofungiwa ni ya kuogopwa kuliko mvuke

Maji kwenye sufuria iliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi na hayapandi tena, uchochee moto utakavyo. Kupasha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 hula kilojuli 335 hivi. Kuyageuza maji hayohayo yawe mvuke, bila joto kupanda hata uzi mmoja, hula kilojuli 2,257 nyingine. Karibu mara saba. Ndiyo maana boila hufikia kuchemka mapema kiasi, kisha huendelea kula kuni kana kwamba haina shukrani. Mvuke unaotoka huchukua nafasi kubwa kuliko maji yaliyouzaa kwa zaidi ya mara 1,600.

Yafungie maji hayo ndani ya ganda la chuma, na presha inayojengeka inayakandamiza yasichemke kirahisi. Kwa baa 7 za geji (baa ni kipimo cha presha, moja ikiwa karibu sawa na ya hewa inayotuzunguka) huchemka kwenye nyuzi 170. Kwa baa 10, nyuzi 184. Hapo bado ni maji, yana hamu ya kuwa mvuke, ila presha imeyakalia.

Sasa chukua tani 1 ya maji ya baa 10, kisha ganda lipasuke ghafla. Presha inapoondoka, asilimia 16 hivi ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo. Ni kama kilo 160, nazo zinataka nafasi ya zaidi ya mita za ujazo 250: karibu vyumba kumi, kila kimoja mita tatu kwa tatu kwa tatu, vijazwe kwa kufumba na kufumbua. Nguvu ya mlipuko inatoka humo. Mvuke uliokuwa umekaa juu ya maji hufungua mlango tu.

Njia ya moto na njia ya maji

Anza chini. Kuni au makaa ya mawe hukaa juu ya chanja ya chuma, na chini ya chanja kuna sanduku la majivu lenye vilango vya kuingizia hewa, ambavyo mafundi huviita dampa. Juu ya chanja ni tanuri, chumba cha chuma kilichozungukwa na maji pande zote isipokuwa mlangoni na chini. Moshi na gesi moto hutoka tanurini, hupita ndani ya mirija mingi inayokatiza katikati ya maji, huingia kwenye sanduku la moshi mbele, kisha dohani. Mvuke uliokwisha kazi kwenye silinda, pale unaposukuma pistoni, hupulizwa chini ya dohani na kuvuta moshi nao. Hapo ndipo panapotoka ule mlio wa garimoshi la zamani, na ndipo penye werevu wake: kadiri injini inavyofanya kazi zaidi, ndivyo moto unavyovutwa zaidi.

Kuna jamii nyingine, boila za mirija ya maji, ambamo maji ndiyo yanayopita ndani ya mirija na moto uko nje. Hizo hubeba presha kubwa na hukaa kwenye meli na mitambo ya umeme. Tuziache.

Sehemu ya kuijua kama kiganja chako ni dari ya tanuri. Ni bapa la chuma, moto uko chini yake na maji juu yake. Kwa baa 10, kila mita 1 ya mraba ya dari hiyo inabeba mzigo wa takribani tani 100. Bapa tupu haliwezi kustahimili mzigo huo, kwa hiyo hushikiliwa na stei, nondo fupi zilizofungwa kwa hesi kutoka kwenye dari hadi ganda la nje. Maji yakiwa juu yake, joto la moto hunyonywa mara tu linapopenya, na chuma hakiachani sana na joto la maji. Maji yakiondoka, chuma kinaanza kufuata joto la moto. Kikifika nyuzi 600 hivi kimepoteza nusu ya nguvu zake au zaidi, huku mzigo wa tani 100 uko palepale. Kinatuna kati ya stei na stei, kama godoro lililoshonwa, kisha kinajichomoa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Julai 29, 2001, kwenye viwanja vya maonyesho vya Medina, jimbo la Ohio, Marekani. Trekta la mvuke lililipuka, watu 5 wakafa na makumi wakajeruhiwa. Wachunguzi walikuta kwamba maji yalikuwa yameshuka chini ya dari.

Vifaa vya ulinzi, na uongo wa kila kimoja

*Kioo cha maji.* Ni kijibomba cha kioo kilichosimama wima, juu kimeungwa na upande wa mvuke na chini na upande wa maji, kila upande na koki yake, na chini kabisa koki ya tatu ya kumwagia. Kwenye boila iliyopangwa vizuri, maji yakionekana hata kwenye ncha ya chini ya kioo, dari bado imefunikwa kidogo. Kidogo tu.

Ubaya wa kioo ni kwamba kikiziba hudanganya upande mmoja. Ikiziba njia ya juu, mvuke ulionaswa hupoa na kuwa maji, na maji ya chini huvutwa yapande. Ikiziba njia ya chini, matone yanayopoa juu hujikusanya na kukijaza taratibu. Kwa vyovyote utaona maji mengi kuliko yaliyopo. Laiti kingekosea upande wa pili, tungekuwa na watu wengi wenye hofu za bure na makaburi machache.

Kioo kinachofanya kazi kina uhai. Injini ikitembea, maji yake hupanda na kushuka. Hata ikiwa imesimama, ukiyakazia macho utayaona yanatetemeka. Maji yaliyotulia tuli kwenye injini inayokwenda ni dalili mbaya, hata yakiwa nusu kamili. Nusu kamili ndiyo humfanya mtu astarehe.

*Koki za kupimia.* Ni koki mbili au tatu zilizopangwa kwa ngazi kwenye ukuta wa boila. Ukifungua ya juu utoke mvuke, ya chini yatoke maji. Kuzisoma kunahitaji mazoea, kwa sababu hata maji hugeuka mvuke yakitoka. Tazama pale mdomoni kabisa: mvuke mkavu hauonekani, huwa kama hakuna kitu kwa upana wa kidole, kisha wingu. Maji hutoka meupe tangu mdomoni, na mlio wake una mikwaruzo.

*Geji ya presha.* Ndani yake kuna kijibomba kilichopindwa ambacho hujinyoosha presha inapopanda, ubunifu alioupatia hataza Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849. Angalia mshale unarudi sifuri boila ikiwa baridi. Usiporudi, hiyo si geji tena.

*Valvu ya usalama.* Inatakiwa iweze kutoa mvuke wote ambao boila inaweza kuzalisha moto ukiwa mkali, bila presha kupita kiwango zaidi ya asilimia chache. Imefungwa kwa lakiri ya mkaguzi, na lakiri hiyo ina maana yake. Historia ya boila imejaa watu waliozifunga valvu kwa waya au kuzining'inizia vyuma "ili injini iwe na nguvu". Ikivuja, itengenezwe boila ikiwa baridi, usiikaze.

*Kizibo cha risasi.* Mwaka 1803 boila ya Richard Trevithick ililipuka huko Greenwich, Uingereza, na kuua watu. Baada ya hapo akaanza kuweka valvu mbili za usalama na kizibo chenye risasi, ile metali laini, kwenye sehemu inayopigwa na moto. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327. Baadhi ya vizibo hutumia bati, linaloyeyuka kwa 232. Dari ikikauka, kiini kinayeyuka na mvuke unapiga ndani ya tanuri. Hiyo ni kengele tu: mvuke wa kitundu kile hautazima moto mkubwa wala hautashusha presha upesi. Tena kizibo kilichovikwa ukoko wa chokaa ya maji huchelewa, au hakiyeyuki kabisa. Badilisha kwa ratiba, usingoje.

*Njia mbili za kulisha maji.* Kila boila iwe na njia mbili zisizotegemeana: injekta mbili, au injekta na pampu. Injekta, aliyoibuni Mfaransa Henri Giffard na kuipatia hataza mwaka 1858, huchukua mvuke wa boila na kuutumia kuyasukuma maji ndani ya boila ileile. Ukiifikiria kwa haraka unaona haiwezekani, lakini mvuke ukipita kwenye kijitundu chembamba hupata mbio kubwa, huyarukia maji baridi, hupoa na kuwa maji, na mbio ile hugeuzwa kuwa presha inayoshinda ya boila.

Kabla ya kiberiti

Anza na karatasi: cheti cha ukaguzi kiwe hakijaisha muda. Kisha zunguka boila ikiwa baridi, tochi mkononi. Ingiza kichwa tanurini, utazame dari na ncha za mirija. Unatafuta mitiririko myeupe ya chumvi, ambayo huonyesha maji yalipopenya na kukauka, na unatafuta uvimbe wowote. Kwenye bapa, kiganja hugundua uvimbe kabla ya jicho. Gonga vichwa vya stei kwa nyundo ndogo: nzima hujibu kwa mlio mmoja mkali, iliyokatika hujibu kwa sauti ya debe.

Toa majivu, fagia mirija, funga milango ya sanduku la moshi isivujishe hewa. Vifuniko vya kusafishia viwe vimekaza. Hakikisha tangi la maji limejaa. Injini iliyoanza na maji nusu tangi inakulazimisha kufanya hesabu barabarani.

Jaza boila hadi maji yafike theluthi au karibu nusu ya kioo. Usijaze zaidi, kwa sababu maji yakitoka nyuzi 20 hadi 170 yanatanuka kwa karibu asilimia 11, na utayaona yakipanda yenyewe. Usiishie kutazama kioo. Fungua koki ya kumwagia, yaondoke, funga, uone yanarudi. Watu wamewahi kuwasha moto chini ya boila isiyo na maji huku kioo kikiwa na maji ya jana, koki zake zikiwa zimefungwa.

Kuwasha: polepole, halafu polepole zaidi

Fungua koki ya hewa iliyo juu ya boila, ili hewa ya ndani itoke. Hakikisha valvu kuu ya mvuke, ile inayopeleka mvuke silindani, imefungwa na koki za kutolea maji za silinda ziko wazi, maana valvu kuu ikivuja injini inaweza kuondoka yenyewe mvuke ukipatikana. Kaza breki, weka na vigingi magurudumuni.

Washa kwa kuni kavu nyembamba zilizotandazwa kwenye chanja yote, na acha moto ukae mdogo. Maji ya juu yatachemka huku ya chini, pembeni mwa tanuri, yakiwa bado baridi kiasi cha kuweka mkono. Chuma cha juu kinatanuka, cha chini hakijasikia habari, na kati yao mirija na stei ndizo zinazovutwa huku na huku. Moto wa pupa hauvunji boila siku hiyo. Huilegeza kidogo kila mara, na miezi baadaye unashangaa mirija inavuja. Kwa trekta la mvuke, tenga saa tatu au nne. Kwa garimoshi kubwa lililopoa kabisa, anza jana yake.

Mvuke ukitoka mfululizo kwenye koki ya hewa, ifunge. Geji ikianza kuinuka, jaribu kioo kwa utaratibu huu, na uurudie kila zamu:

1. Fungua koki ya kumwagia. Maji na mvuke vitoke kwa nguvu.
2. Funga koki ya chini, ya maji. Sasa utoke mvuke peke yake. Ukitoka vizuri, njia ya juu iko safi.
3. Fungua ya chini, funga ya juu. Sasa yatoke maji. Yakitoka vizuri, njia ya chini iko safi.
4. Fungua zote mbili, kisha funga ya kumwagia. Maji yaruke na kurudi mahali pake mara moja.

Hatua ya nne ndiyo yenye habari. Maji mazima hupanda kwa kishindo, hupita kiwango, hushuka, hutulia. Yakipanda kivivu, kama uji kwenye mrija, kuna njia inayoanza kuziba, na siku hiyo injini haitoki. Juni 1995, karibu na Gettysburg, Pennsylvania, dari ya tanuri ya garimoshi la watalii iliporomoka, na watu watatu waliokuwa kibandani wakaungua. Maji yalikuwa yamepungua, na njia za kioo zilikutwa na ukoko. Boila haikupasuka nzima kwa sababu ya namna stei zake zilivyojengwa: sehemu ya dari ilijichomoa na nyingine ikashikilia.

Presha ikitosha, jaribu injekta zote mbili, usijaribu ile unayoipenda tu. Fungua maji kwanza, kisha mvuke. Itatema maji kwenye bomba la kumwagikia, kisha ghafla mlio hubadilika, unakuwa mmoja, mnene, na kutema kunakoma. Kama bado inadondosha, punguza maji kidogo. Kuizima: funga mvuke, kisha maji. Ikikataa, sababu zake si nyingi: maji ya tangi yamepata moto, bomba linanyonya hewa, uchafu kwenye koni zake, au valvu ya kuzuia maji kurudi imekwama na mvuke unairudia injekta na kuichemsha. Hiyo ya mwisho utaijua kwa kupitisha mkono karibu na bomba. Karibu, nimesema.

Acha presha ipande hadi valvu ya usalama ifunguke, ulinganishe na geji. Zikitofautiana, zima.

Kuendesha

Fungua valvu kuu kidogo mno, kwa upana wa unywele. Mabomba na silinda ni baridi, mvuke wa kwanza unageuka maji, na maji hayabanwi. Pistoni ikiyakuta mbele yake, hung'oa kifuniko cha silinda. Acha koki za silinda wazi mpaka zitoe mvuke mkavu, kisha funga.

Baada ya hapo kazi ni kupatanisha moto, maji na mzigo. Lisha maji kidogo kidogo bila kukoma, usingoje yashuke ndipo umwage mengi ya baridi kwa mpigo. Lisha moto vivyo hivyo: sepetu moja mbili, pale palipong'aa zaidi, kisha funga mlango. Moshi mwepesi wa kijivu kwa muda mfupi baada ya kutia makaa ni sawa. Moshi mweusi wa kuendelea ni makaa yanayopotea hewani. Tundu kwenye moto ni baya kuliko linavyoonekana, kwa sababu hewa baridi hupenya hapo na kupiga ncha za mirija zilizo moto. Mirija hulia machozi kwanza, kisha huvuja.

Kabla ya kufunga valvu kuu, fungua kipuliza, kile kijibomba cha mvuke kilicho chini ya dohani. Ukifunga valvu kuu bila hivyo, mvuto unakatika na moto unaweza kurudi nyuma kupitia mlangoni, na aliyesimama hapo ana uso.

Kilima kinahitaji akili yake. Injini ikipanda, maji yote hukimbilia nyuma kwenye tanuri, na kioo kilichoko huko hupanda kwa furaha. Ukifika kileleni na kuanza kuteremka, maji yanakimbilia mbele, na dari iliyo nyuma inabaki wazi. Kioo kilichokuwa robo tatu kinaweza kuwa tupu ndani ya urefu wa injini moja. Kwa hiyo jaza maji kabla ya kilele, na uwe na hesabu kichwani ya mteremko unaokungoja.

Ukiona maji ya kioo yanapanda na kushuka kwa fujo, na dohani inatema matone meupe, boila inatapika: inapeleka maji silindani. Umejaza mno, maji yamechafuka au yana povu, au umefungua valvu kuu kwa pupa. Ifunge taratibu na ufungue koki za silinda. Ukishafunga, tazama kioo tena, kwa maana maji yaliyokuwa yamevimba kwa mapovu sasa yatashuka, na huenda usipende utakachokiona.

Maji yakipotea kwenye kioo

Hapa usome mara mbili, ukiwa umetulia, kwa sababu siku yenyewe hutatulia.

Kama ulikuwa unakitazama kioo na maji yametoka kwenye ncha ya chini sasa hivi tu, injini iko tambarare, na unajua kwa hakika kioo kilikuwa kizima, dari bado imefunikwa. Punguza moto, funga dampa, lisha maji kwa njia zote mbili, simamisha kazi.

Kama umegeuka na kukuta kioo kitupu, na hujui ni tangu lini, chukulia dari iko wazi. Usiingize maji. Usifungue valvu kuu wala usiinue valvu ya usalama, kwa kuwa presha ikishuka ghafla maji yaliyobaki huvimba na kufunika chuma chenye moto, mvuke huzaliwa wote kwa pamoja, na chuma kilicholegea ndicho kitakachoupokea. Kama injini inakwenda, isimamishe kwa upole. Ua moto: kama ni wa mafuta au gesi, funga, kama ni wa kuni au makaa, funga dampa zote na uufunike kwa udongo, mchanga au majivu yenye unyevu, kama vipo mkononi na hakuna dalili kwamba dari imeanza kuvuja au kutuna. Usimwage maji kwenye moto, wala usiukwangue utoke, kwa sababu kuuchokoa kunaupa nguvu kwa dakika ile usiyoitaka. Halafu ondoka, na uondoe kila mtu, mbali, wasisimame mbele wala nyuma ya boila. Ikipoa yenyewe hadi presha iishe, haiwashwi tena mpaka mkaguzi aone dari na stei. Hata kama kwa nje inaonekana nzima, na mwenye mali yuko pembeni anauliza kama haiwezekani kumaliza siku.

Kioo kikipasuka, ambalo ni tukio la kawaida, geuza uso, funga koki zake mbili ukiwa na glavu, na utumie koki za kupimia au kioo cha pili mpaka ubadilishe.

Kuzima, na vita vya ukoko

Saa moja kabla ya kumaliza, acha moto upungue. Ukiwa mdogo, jaza boila hadi kioo kikaribie kujaa. Usiku maji yatasinyaa na asubuhi utakuta yapo. Funga dampa, funika dohani, boila ipoe yenyewe. Kumwaga maji boila ikiwa moto ili "isafike haraka" hukausha matope juu ya chuma, hayo hayo uliyotaka kuyatoa. Kumbuka pia mvuke uliobaki ukipoa huacha utupu ndani. Fungua koki ya hewa presha ikifika sifuri.

Maji ya kawaida yana chokaa, na kila lita inayoondoka kama mvuke inaiacha chokaa yake nyuma. Inashika kwenye chuma kama ukoko wa chungu, na kwa sababu ukoko hauruhusu joto kupita vizuri, chuma kilicho chini yake huwa moto kuliko unavyodhani na moto unaohitajika ni mkubwa zaidi. Dawa ni tatu, zikienda pamoja: kulainisha maji kabla, kutia kemikali zinazofaa (boila nyingi za aina hii hutaka pH, kipimo cha asidi ya maji, kati ya 10.5 na 11.5, maana maji yenye asidi na oksijeni hula chuma vishimo), na kufungua valvu ya chini kwa sekunde chache kila siku ili matope yatoke. Fanya hilo maji yakiwa juu kwenye kioo, elekeza bomba pasipo na mtu, na usikiache kioo kwa macho hata sekunde moja.

Kila baada ya siku kadhaa za kazi, kulingana na maji yako, fungua vifuniko vyote boila ikiwa imepoa kabisa, na uoshe kwa mpira wenye presha kuanzia juu ya dari kwenda chini. Matope mengi hukaa kwenye kona za chini kuzunguka tanuri. Choma kwa waya mpaka maji yatoke meupe. Siku hiyohiyo toa koki za kioo na upitishe waya kwenye njia zake. Anayeingia ndani ya boila kubwa ahakikishe valvu zote zimefungwa kwa kufuli, hewa imepimwa, na mtu amesimama nje.

Ukaguzi wa presha hufanywa kwa maji baridi au ya uvuguvugu, kwa mara 1.25 hadi 1.5 ya presha ya kazi kulingana na kanuni zinazoiongoza boila hiyo. Kamwe si kwa hewa. Maji yakibanwa hayaweki nguvu nyingi. Kitu kikiachia, yanatiririka tu na geji inashuka. Hewa ingefanya kama mvuke.

Ukiihifadhi boila kwa miezi, chagua moja: ijaze hadi juu kabisa na maji yaliyotiwa dawa, au imwage, uikaushe kwa moto mdogo wa karatasi na vijiti, uweke trei za kemikali ya kunyonya unyevu ndani, kisha ufunge. Maji nusu na hewa nusu ndiyo hali ambayo kutu huipenda. Tundika kibao mlangoni mwa tanuri kinachosema boila ina maji au haina, ili atakayekuja na kiberiti asibahatishe.